Kusawazisha Mlinganyo si Kubahatisha

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mlinganyo wa kikemia ni daftari la atomu. Hata hivyo, wanafunzi wengi wa sekondari huuona kama mchezo wa kubahatisha namba: huongeza hapa na kupunguza pale mpaka pande mbili zilingane. Kwa maoni yangu, kosa hili si la mwanafunzi peke yake. Twamfundisha kuhesabu kabla ya kumfahamisha kinachohesabiwa.

Tuchukue mfano wa mkaa, ambao sehemu yake kubwa ni kaboni. Ukiungua penye hewa haba, hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Mwanafunzi huandika:

C + O₂ → CO

Kushoto zipo atomu mbili za oksijeni, kulia ipo moja. Asiyeelewa huchomeka tarakimu 2 chini ya O ya kulia, akapata CO₂, na kufurahi kwamba pande zimelingana. Kumbe ameibadili gesi yenyewe! CO ni sumu isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na hemoglobini ya damu na kuizuia kubeba oksijeni, nayo huwaua watu waliolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. CO₂ ni gesi tuitoayo kila tupumuapo. Kalamu imeifuta sumu, lakini chumbani ingalimo.

Njia iliyo sahihi ni kuziacha fomula kama zilivyo, na kubadili namba zinazozitangulia tu:

2C + O₂ → 2CO

Gramu 24 za kaboni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 56 za kaboni monoksidi. Hakuna kilichopotea wala kilichozidi. Ndiyo kanuni aliyoieleza Mfaransa Lavoisier katika kitabu chake cha mwaka 1789: badiliko la kikemia haliumbi maada wala haliiangamizi.

Napendekeza, basi, somo hili lianzie mezani, si ubaoni. Maharage yawe kaboni, punje za mahindi ziwe oksijeni. Mwanafunzi azipange kwa mikono yake kabla ya kushika kalamu. Jambo hili halihitaji maabara. Atakayeona kwamba kuongeza punje moja katika kundi ni kuunda kitu kingine kabisa, hatabahatisha tena.