Reli ya Meno na Wenye Kuidharau

Miongoni mwa watu waendao Uswisi wakati wa kiangazi kuna kundi ambalo halichoki kulidharau kundi jingine. Wao hupanda milima kwa miguu, wamevaa viatu vizito na kubeba mizigo migongoni. Wenzao hukata tiketi, hukaa dirishani na kupandishwa kwa treni. Wa kwanza husema kwamba wa pili hawakuuona mlima bali walionyeshwa tu. Kwamba kilele kisichotolewa jasho ni sawa na picha. Na kwamba reli iliyotandikwa ubavuni mwa jabali ni kovu katika uso wa maumbile. Dai hili ni la zamani. John Ruskin, mwandishi wa Kiingereza wa karne ya 19, alilisema kwa ufasaha mkubwa, na tangu siku zake limerudiwa na watu wasio na ufasaha wake. Kwa kurudiwa sana limepata heshima ya ukweli pasipo kupimwa. Likipimwa, huonekana kuwa na majivuno mengi na hoja chache.

Kwanza na kijulikane kile kinachodharauliwa. Msafiri aliyefikia Interlaken, mji ulio kati ya maziwa mawili, huondoka asubuhi kwa treni mpaka Lauterbrunnen, bonde jembamba lenye kuta za mawe na maporomoko ya maji yaangukayo kutoka juu sana hata yakawa kama vumbi kabla ya kugusa ardhi. Hapo hubadili behewa. Katikati ya reli mbili za kawaida imelala reli ya tatu yenye meno, na chini ya behewa mna gurudumu lenye meno liumanalo nayo, hivyo gari hupanda mahali ambapo magurudumu matupu yangeteleza. Njia hii, iitwayo Wengernalp, ilifunguliwa mwaka 1893. Hupita Wengen, kijiji kilichoketi kama juu ya baraza ya mlima, mita 1,274 kutoka usawa wa bahari. Kisha huingia malishoni, ambako katika miezi ya kiangazi ng'ombe huchunga wakiwa na kengele shingoni. Na mwisho hufika Kleine Scheidegg, mita 2,061, mbele ya Eiger, Mönch na Jungfrau. Kiswahili kingali kikiliita gari la namna hii garimoshi, ingawa hili huenda kwa umeme wala halina moshi wa kumchafulia mtu kanzu. Mwendo wake ni wa taratibu. Mzee wa miaka 80 huufikia uwanda ule. Mama mwenye mtoto mchanga huufikia. Na asiyejiweza kwa miguu huufikia pia. Hao ndio wanaoambiwa kwamba hawastahili.

Wenye dharau husema kwamba ugomvi wao ni juu ya jasho. Historia inawakanusha. Mwaka 1863 Thomas Cook, mfanya biashara wa kusafirisha watu kwa makundi, aliliongoza kundi lake la kwanza la Waingereza katika Uswisi. Wakati huo Ulaya nzima haikuwa na reli ya meno hata moja ya kupanda mlima. Ya kwanza, ile ya Rigi, iliyobuniwa na Niklaus Riggenbach, ilifunguliwa mwaka 1871. Jemima Morrell, mmoja wa wasafiri wa Cook, aliandika shajara iliyokuja kuchapishwa miaka 100 baadaye. Katika shajara hiyo wanawake wenye nguo ndefu za zama zile huamka kabla ya mapambazuko, na huivuka njia ya Gemmi kwa miguu, mahali ambapo hata leo mtembezi aliyezoea hukanyaga kwa hadhari. Je, jasho lao liliwanunulia heshima? La. Watu wa tabaka la juu waliwacheka wafuasi wa Cook kama ambavyo wajukuu wao wangewacheka wapanda treni. Kosa la wanawake wale halikuwa kukataa kutembea. Kosa lao lilikuwa kwamba walikuwa wengi, na kwamba fedha zao zilikuwa chache na zilihesabiwa.

Na jasho lenyewe lilikuwa la nani? Klabu ya wapanda milima iliyoanzishwa London mwaka 1857 ilijaa mawakili, makasisi na walimu wa vyuo vikuu, watu hodari bila shaka. Lakini ni wachache waliopanda pasipo kuongozwa na wanakijiji waliotangulia mbele, wakichonga vidato katika barafu kwa shoka na kuwabebea wageni chakula chao. Matterhorn ulipopandwa kwa mara ya kwanza, tarehe 14 Julai 1865, watu saba walifika kileleni, na wanne wakafa wakati wa kushuka. Waliosalimika walikuwa watatu: Edward Whymper, Mwingereza, na Peter Taugwalder, baba na mwana wenye jina moja, wenyeji wa Zermatt. Jina linalojulikana duniani ni la Whymper. Taugwalder baba alipata uvumi kwamba aliikata kamba ili ajiokoe, na uvumi ule ulimwandama ingawa baraza la uchunguzi halikumwona na hatia. Mtu akiisoma habari hii, asistaajabu kwamba wana na wajukuu wa mabonde yale waliona afadhali kuuza tiketi kuliko kufungwa kamba moja na mabwana.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanayo sababu ya kuyapima maneno haya kwa makini. Mwaka 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro, na mpaka leo mgeni ajisifuye kwamba aliupanda mlima ule kwa miguu yake aghalabu aliupanda kwa migongo ya wapagazi. Serikali ya Tanzania ilipotangaza mwaka 2019 kwamba inafikiria kuweka magari ya waya mlimani, wapagazi na waongozaji walipinga, na upinzani wao ulikuwa wa haki, kwa sababu walitetea riziki ya nyumba zao. Wachukuzi wa Rigi, waliokuwa wakiwapandisha wageni kwa viti vya kubebwa na kwa farasi, nao walipata hasara reli ilipokuja. Hoja ya riziki ni hoja nzito na sharti ijibiwe kwa kazi na malipo. Lakini isikopwe na mtu ambaye hakuwahi kubeba mzigo wa mwenzake, akaitumia kupambia majivuno yake.

Iliyobaki ni hoja ya kovu. Hapa wenye dharau wangefanya vyema kulitazama bonde la Zermatt. Reli ilifika huko kutoka Visp mwaka 1891. Barabara iliyo wazi kwa magari ya watu wote hukoma Täsch, kijiji kilicho chini yake. Hapo mgeni huacha gari lake na kumalizia safari kwa treni. Wakazi wenyewe walikataa kwa kura kuifungua barabara hiyo, na ndani ya mji huenda magari madogo ya umeme na farasi. Wengen nako gari la mgeni halifiki: behewa limpandishalo mtalii ndilo njia ya barua, ya unga, na ya mwenyeji anayerudi kwake kutoka sokoni. Linganisha na njia za magari za Furka na Grimsel siku ya Jumapili ya mwezi wa Julai, pikipiki zikifuatana kona kwa kona na ngurumo yake ikijibiwa na majabali. Hiyo ndiyo njia nyingine iliyokuwapo. Reli nyembamba yenye upana wa hatua moja ya mtu imeyakinga mabonde na lami. Na juu ya Zermatt, katika reli ya Gornergrat iliyofunguliwa mwaka 1898 na kufikia mita 3,089, treni inayoshuka hurudisha umeme katika waya na kumsaidia mwenzake anayepanda. Kama hilo ni kovu, ni kovu lililozuia jeraha.

Haisemwi hapa kwamba kila reli ni njema na kila kilele kifikiwe na behewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na mpango wa kuipeleka reli mpaka ncha ya Matterhorn. Waswisi walikusanya sahihi kwa maelfu kuupinga, na reli ile haikujengwa. Walifanya sawa. Tena iko reli moja iliyojengwa ambayo yastahili kulaumiwa, ila si kwa sababu zinazotolewa na wenye viatu vizito.

Reli hiyo ni ya Jungfraujoch. Adolf Guyer-Zeller, tajiri wa Zürich, aliipata fikra yake mwaka 1893; kazi ilianza mwaka 1896, yeye akafa mwaka 1899, na njia ikafunguliwa tarehe 1 Agosti 1912, kwenye mita 3,454, baada ya miaka 16. Sehemu yake kubwa hupita ndani ya mawe ya Eiger na Mönch. Waliolichimba handaki hilo walikuwa hasa Waitalia, na wapatao 30 walikufa. Mlipuko mmoja wa mwaka 1899 uliwaua sita kwa pamoja. Mwaka ule ule wa 1896 kazi ya reli ya Uganda ilianza Mombasa, na wafanya kazi kutoka Bara Hindi wapatao 2,500 walikufa kabla ya njia kufika ziwani mwaka 1901. Hesabu hizi mbili hazilingani, lakini kusahau ni kwa namna moja: katika kila moja bwana ana jina, na mchimbaji ana idadi. Msafiri hupita ndani ya handaki lile akisikiliza maelezo kwa lugha kadhaa, akafika juu penye duka la saa na la chokoleti, naye ameambiwa mengi zaidi juu ya Guyer-Zeller kuliko juu ya watu 30 wale.

Pili kuna nauli. Kutoka Interlaken mpaka Jungfraujoch na kurudi, mtu asiye na punguzo hulipa zaidi ya faranga 200 za Uswisi katika msimu wa kiangazi. Mwaka 2015 wageni walipita milioni moja kwa mara ya kwanza, na wenye reli hawakuona haja ya kuipunguza. Desemba 2020 yakafunguliwa magari ya waya kutoka Grindelwald mpaka Eigergletscher, yanayomwokolea msafiri karibu robo tatu ya saa. Robo tatu hiyo ya saa ndiyo ya malisho na ya kengele, yaani ndiyo likizo yenyewe. Ameuziwa haraka katika nchi aliyoijia kwa ajili ya utulivu. Reli iliyozaliwa ili asiye na nguvu aufikie mlima inageuka kuwa mlango wa asiye na haya ya fedha, na mlango huo ukifungwa kwa bei, yule mzee wa miaka 80 hubaki chini vilevile kama zamani za kamba na shoka. Hapo ndipo penye vita vya kupiganwa, na kundi la wenye viatu vizito halipo vitani.

Halipo, pengine, kwa kuwa linaihitaji reli hiyo. Alfajiri za kiangazi treni ya kwanza ya Jungfraujoch huwa na watu wenye kamba mabegani na misumari ya barafu mikobani, wanaoshukia kituo cha juu, wakapita mbele ya duka la saa, na kuukanyaga mto wa barafu wa Aletsch kuelekea kibanda cha Konkordia. Wakirudi nyumbani husimulia juu ya barafu, hawasimulii juu ya behewa. Barafu hiyo inapungua: katika miaka miwili tu, 2022 na 2023, mito ya barafu ya Uswisi ilipoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya ujazo wake, kwa joto ambalo magari na ndege zimelichangia mno kuliko treni iendayo kwa nguvu za maji ya mlima. Kibanda cha kwanza cha Konkordia kilijengwa mwaka 1877, kama mita 50 juu ya barafu. Sasa barafu imeshuka zaidi ya mita 150 chini yake, na ili mpandaji akifikie kibanda, zimefungwa kwenye jabali ngazi za chuma zenye vidato zaidi ya 400.