Mwacheni Alie

Jumatano jioni, kwenye ibada ya jumuiya mtaani kwetu, dada mmoja alisimama wakati wa kutaja mahitaji ya maombi. Mimba yake imetoka tena. Alisema hivyo tu, sauti ikakatika, akafunika uso kwa kitenge. Kabla mama aliyekaa jirani naye hajamshika mkono, mwinjilisti alikuwa ameshasimama: "Dada, machozi hayo yanamkaribisha shetani. Mshukuru Mungu! Ungekuwa na imani, leo tungekuwa tunaongea mengine hapa." Watu wakaitika amina. Mimi sikuitika.

Ule ulikuwa ukatili, na kuuvika jina la Yesu kunauzidisha. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro mbele ya kadamnasi, hali akijua kwamba punde tu angemfufua. Kama machozi ni upungufu wa imani, mwinjilisti wetu atueleze Yesu alipungukiwa na nini siku ile Bethania.

Ilikuwa sebule ya watu na viti vya kuazima, na bado yule dada alizimwa. Mtu akaanzisha ule wimbo wa amani uliomo katika Tenzi za Rohoni ili ratiba iendelee. Wimbo ule! Aliutunga Horatio Spafford, mwanasheria wa Chicago, baada ya binti zake wanne kufa maji meli ya Ville du Havre ilipozama Novemba 1873. Wimbo wa baba aliyefiwa, sisi tukaugeuza kizibo cha mdomo wa mama aliyefiwa.

Haya yameletwa na mahubiri ya miujiza ya kupangiwa tarehe. Tumefundishwa kwamba ukiomba sawasawa na kutoa sadaka sawasawa, jibu ni lazima lije. Lisipokuja, mwenye kosa ni mwombaji. Mganga naye husema vivyo hivyo dawa ikishindwa: mgonjwa kavunja mwiko. Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, na haukuondolewa. Nani atamwambia Paulo imani yake ni haba?

Ayubu je? Misibani tunakimbilia sura yake ya kwanza, pale anapolihimidi jina la Bwana. Ya tatu, anapoilaani siku aliyozaliwa, hakuna anayeisoma. Rafiki zake walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kunena, na hilo tu ndilo walilolifanya vyema. Walipofumbua vinywa kumtafutia dhambi, mwishowe Mungu aliwakasirikia wao, akasema aliyenena sawa ni Ayubu, yule yule aliyelalamika.

Tulipotawanyika nilimwambia yule dada akamlilie Mungu kwa sauti yoyote anayoiweza, hata kwa maswali makali. Ameniruhusu kuandika haya. Hana alimlilia Mungu hivyo kule Shilo, na kuhani Eli, kwa kuona midomo yake inacheza bila sauti, akamdhania mlevi na kumkemea. Hana akamjibu kwa adabu kwamba hakuonja kileo, ni uchungu tu anaumimina. Eli, pamoja na uzee na ukuhani wake, alibadili maneno yake palepale akamtakia amani. Mwinjilisti wetu anaishi jirani kabisa na yule dada. Hadi naandika haya hajaenda hata kubisha hodi.