Si kila gari lenye injini nyuma ni kobe

Kule Paje, nyuma ya nyumba moja wanapoanika mwani, ipo bodi ya gari dogo la zamani. Haina nembo, haina taa, haina injini, na chumvi ya bahari imeshaitafuna chini kote. Uliza yeyote, utaambiwa hilo ni kobe, yaani Volkswagen, kwa sababu injini ilikaa nyuma. Ukiipiga picha, simu nayo inaitikia vivyo hivyo. Basi yameisha, na mnunuzi wa vyuma chakavu keshataja bei ya kilo.

Mimi nasema hayajaanza. Miaka ya 1960 magari madogo ya injini nyuma yalikuwa tele: Fiat 600, Renault 8, Simca 1000, NSU Prinz, Hillman Imp. Kwa hiyo tulitazame bati lenyewe. Kobe ana mgongo wa mviringo, na madigadi yake yamefungwa kwa bolti. Hili ubavu wake umenyooka. Milango ni miwili. Renault 8 na Simca 1000 zina minne, hizo zimetoka. Bawaba za mlango ziko mbele, wakati Fiat 600 za kabla ya 1964 zilikuwa nazo nyuma. Halafu tazama kioo cha nyuma: juu yake kuna bawaba! Kilikuwa kikifunguliwa, mtu anapitisha mizigo. Hiyo ni alama ya Hillman Imp, iliyotengenezwa Linwood, Scotland, kuanzia 1963 hadi 1976. Tundu la usukani liko kulia, ingawa hilo peke yake halithibitishi kitu. Hata injini kutokuwepo kunaeleweka. Ya Imp ilikuwa ya aluminiamu, na wauza chakavu wanajua ipi inalipa.

Wapo wenzangu watakaosema, "Sasa likishajulikana ndiyo iwe nini?" Jamani, mwulize mzee habari za gari bovu, atakujibu lilikuwa gari tu. Mwulize habari za gari lililofunguka kioo cha nyuma, uone kama hatakaa kitako. Nani alilileta Unguja, kabla ya Mapinduzi ya 1964 au baada yake? Spea alizipata wapi? Maswali hayo hayaulizwi kwa kitu kilichoitwa jina lisilo lake, na kikishayeyushwa hayaulizwi tena kabisa.

Sisi tunaosomea ualimu tunaambiwa kila siku tutumie zana halisi. Zana ndiyo hiyo, iko uani, bure. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuhesabu milango na kutafuta bawaba, tena atafurahi kuliko kukariri ubaoni. (Hoteli zinazopaka bodi hizi rangi na kuotesha maua ndani sizilaumu sana. Afadhali maua kuliko tanuri.)

Mnaorudi likizo Paje, Jambiani, Makunduchi, mkiona bodi kama hiyo msipige picha ya ubavuni tu mkajiweka mbele. Pigeni bawaba, pigeni kioo cha nyuma, pigeni palipokaa taa, na ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwanza. Fanyeni hivyo kabla mizani haijafika.