Kuripoti Si Kupunguza Mwendo

Sawa, usipite kwanza. Leo hakuna siasa na hakuna drama ya msanii gani ameachana na nani. Leo ni nyangumi na meli. Najua, hukuamka ukifikiria nyangumi. Nipe dakika tano tu.

Kuna nyangumi wa Atlantiki ya Kaskazini, wale wa pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada, ambao dunia nzima wamebaki chini ya 400. Shule yako ya upili pengine ilikuwa na watu wengi kuliko hao. Na majike ambao bado wanaweza kuzaa ni kama 70 hivi. Sabini, msee. Hiyo ni madarasa mawili ya fomu wani, tena yale ya kubanana.

Jina lao la Kiingereza ni la kikatili ukilielewa. Linamaanisha nyangumi "anayefaa", yaani anayefaa kuwindwa: anaogelea polepole, anapenda kukaa karibu na pwani, na akiuawa anaelea badala ya kuzama. Kuwawinda kulikatazwa kimataifa mwaka 1935. Lakini tabia zao hazikubadilika. Bado ni wa polepole, bado wako karibu na pwani, na pwani hiyo sasa ndiyo barabara kuu ya meli za Boston, New York, Savannah na Jacksonville. Mwili ni mweusi, pezi la mgongoni hana, na mama mwenye mtoto hutumia muda mrefu juu juu ya maji. Nahodha aliye juu kwenye meli ya makontena hawezi kumwona vizuri, na hata akimwona, meli kubwa haina breki za kukanyaga kama gari.

Sasa sikiza walichofanya. Marekani ilienda kwa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, na mwaka 1998 ikakubaliwa kuweka kanuni ambayo ilikuwa mpya kabisa. Ilianza kufanya kazi tarehe 1 Julai 1999. Meli yoyote ya tani 300 kwenda juu ikiingia maeneo mawili yaliyochorwa kwenye ramani, lazima iripoti. Eneo la kwanza ni la kaskazini, nje ya Massachusetts, mwaka mzima. La pili ni la kusini, nje ya Georgia na Florida, kuanzia katikati ya Novemba hadi katikati ya Aprili, msimu ambao majike huenda kuzaa huko.

Unaripoti nini? Jina la meli, alama yake ya mawasiliano, uko wapi, unaelekea wapi, kwa njia gani, na kwa mwendo gani. Walinzi wa Pwani wa Marekani wanapokea, na mfumo unakujibu kwa ujumbe: uko kwenye eneo la nyangumi walio hatarini kuisha, wameonekana hapa na hapa hivi karibuni, kuwa makini, hivi ndivyo unaweza kuepuka kuwagonga.

Halafu? Basi. Kanuni yenyewe imeishia hapo. Haikukulazimisha kupunguza mwendo wala kubadilisha njia. Ukisharipoti ulikuwa umetii sheria, hata kama ulituma huo ujumbe ukiwa unakata maji kwa noti 20. (Noti za bahari, si za mfukoni. Noti 20 ni kama kilomita 37 kwa saa. Sikia, kwa Thika Road hiyo ni foleni, lakini kwa chuma cha maelfu ya tani hiyo ni kasi.)

Msimamo wangu ni huu: kumwambia mtu kuna hatari ni rahisi sana, ndiyo maana kila serikali hupenda kuanzia hapo. Ujumbe hauna gharama kwa mwenye meli. Kupunguza mwendo kuna gharama, kwa sababu saa moja ya kuchelewa bandarini ni pesa ya mtu. Ukimwachia nahodha achague kati ya mnyama asiyemwona na bosi anayempigia simu, unajua atachagua nini. Sisi tuliokulia kwa matatu hatuhitaji kufundishwa hii. Ile stika ya "ripoti dereva mbaya kwa namba hii" imekuwa kwa ukuta wa gari tangu zamani, na wewe umeshawahi kupiga hiyo namba? Kitu kilichofanya madereva washike adabu, angalau kwa muda, ni wakati wa Michuki, gavana ilipofungwa kwa injini na polisi wakasimama barabarani.

Na Wamarekani wenyewe walifika hapo. Miaka ya kwanza ya hiyo kanuni, ushauri ulitumwa na meli nyingi ziliendelea na mwendo wake wa kawaida. Desemba 2008 ndipo NOAA, taasisi ya serikali yao inayoshughulika na bahari, ikaweka sheria yenye meno: chombo chochote cha urefu wa futi 65 kwenda juu, yaani karibu mita 20, kisizidi noti 10 kwenye maeneo fulani kwa misimu fulani. Kwa nini 10? Kwa sababu utafiti uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba nyangumi akigongwa na meli ya noti 15, uwezekano wa kufa au kuumia vibaya sana ni karibu 8 kati ya 10. Ukishuka chini ya noti 12, unakuwa chini ya nusu. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya bahari wala ya kitu kingine, lakini hesabu hiyo haitaki digrii.

Hoja ya upande wa pili naijua, na si ya kijinga. Marubani wa bandari, wale wanaopanda meli kuiingiza gatini, husema meli ndefu ikienda polepole sana kwenye mkondo mwembamba wenye upepo, usukani hauishiki vizuri, na watu wanaweza kufa. Ni kweli. Lakini sheria ilishaliona hilo: hali ikiwa mbaya, nahodha anaruhusiwa kuzidi mwendo kwa usalama, mradi aandike kwenye daftari la meli kwa nini. Kwa hivyo mtu akikwambia ni maisha ya mabaharia dhidi ya nyangumi, anakuuzia uoga.

Kinachoniuma ni ile mistari ya chini. Tani 300. Futi 65. Februari 2021, mtoto wa nyangumi wa wiki chache tu aligongwa karibu na St. Augustine, Florida, akafa. Mama yake alionekana baadaye akiwa na majeraha ya kugongwa. Kilichowagonga ni boti ya starehe ya kuvua samaki, futi 54. Hiyo si tani 300, kwa hivyo hakuna kuripoti. Si futi 65, kwa hivyo hakuna noti 10. Hakuna sheria yoyote ya mwendo iliyovunjwa siku hiyo, na mtoto alikufa.

Mwaka uliofuata NOAA ikapendekeza sheria ishuke hadi futi 35. Wenye boti za starehe walipiga kelele, watengenezaji wa boti pia, na maoni yakafika karibu 90,000. Januari 2025 pendekezo likaondolewa. Unaweza kuwa na ushahidi wote duniani, na bado mtu mwenye boti ya wikendi akakushinda.

Sitaki kusema kuripoti ni bure, kwa sababu si bure. Zile ripoti ziliwapa watafiti picha halisi ya meli zinapita wapi na kwa kasi gani, badala ya kubahatisha. Na kujua njia kuna faida: Kanada ilisogeza njia za meli kwenye Ghuba ya Fundy mwaka 2003, na njia ya kuingia Boston ikasogezwa 2007, zote kukwepa mahali nyangumi hukusanyika. Huo ndio mpango ambao mimi ningeunga mkono popote. Ripoti iwe mwanzo, halafu njia isogezwe, na pale isipowezekana, mwendo ushuke kwa lazima.

Tena ramani isikae kama picha ya ukutani. Bahari ikipata joto, chakula kinahama na nyangumi wanakifuata. Mwaka 2017 walikuwa wengi Ghuba ya St. Lawrence, Kanada, ambako hakukuwa na kinga yoyote ya mwendo. Mwaka huo walikufa 17, kati yao 12 Kanada. Agosti ndipo Kanada ikaweka noti 10. Wengine waliuawa na meli, wengine na kamba za mitego ya kaa, na hiyo ya kamba ni stori nyingine nitaiandika.

Kwa nini nawaambia nyinyi mlio Umoja na Kisauni? Kwa sababu kila mwaka, kama Julai hadi Septemba, nyangumi wa nundu hupita Watamu na Kilifi wakiwa na watoto, na sisi huwapiga picha na kuuza safari za boti. Bandari ya Mombasa iko hapo chini, Lamu iko hapo juu. Hawa wetu hawako kwenye hali mbaya kama wale wa Atlantiki, kwa hivyo bado tuna nafasi ya kuuliza meli zinapita wapi, kwa mwendo gani, kabla ya kuhesabu mizoga.

Na kuna wasomaji wangu walio majini saa hii, nawajua, mnanitumia jumbe kutoka bandari ambazo hata sijui kuzitamka. Nyinyi mliopita Boston au Savannah, niambieni kwa komenti: huo ujumbe wa nyangumi ukiingia, kuna mtu humwamsha kapteni, au unachapishwa na kuwekwa kwa faili?