Gari la Fahari na Gari la Kazi

Datsun 240Z, gari jepesi la michezo lenye viti viwili, ilishinda Mashindano ya Safari mwaka 1971 na 1973. Hapana anayekanusha sifa hiyo. Lakini Volkswagen ya mgongo wa kobe, gari la mtu wa kawaida, ilikwisha kuyashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Tena injini yake hupozwa kwa hewa, haidai maji. Si jambo dogo katika mkoa mkavu kama Singida.

Magari hayo sasa ni makuukuu, ila funzo lake halijachakaa. Mtumishi aendaye vijijini Iramba au Manyoni hana budi kujiuliza: gari hili litanifikisha kwa wananchi, au litanitenga nao? Mbio za sakafuni huishia ukingoni.