Umeme wa Mtambile na Chura wa Kihansi

Mwalimu wa Mtambile anapowasha taa usiku ili asahihishe madaftari, hatazamiwi kumkumbuka chura. Hata hivyo uhusiano upo. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, ukiunganisha kisiwa na gridi ya taifa. Miongoni mwa vituo vinavyoilisha gridi hiyo ni Kihansi, katika milima ya Udzungwa, chenye uwezo wa megawati 180.

Katika korongo la Kihansi aligunduliwa, mwaka 1996, chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita tatu, ambaye hajapata kuonekana kwingineko duniani. Makao yake yalikuwa kama hekta mbili tu za majani yaliyoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai, huzaa watoto waliokwisha kuumbika, bila kupitia hali ya kiluwiluwi. Alipogunduliwa, ujenzi ulikuwa umekwisha kuanza. Mitambo ilipowashwa, karibu asilimia 90 ya maji iligeuziwa njia, na manyunyu yakakoma.

Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi Marekani wakazalishwe huko, na korongoni yakatandazwa mabomba ya kunyunyizia maji. Waliobaki walianguka ghafla mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu ukabainika kati yao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2012 wakaanza kurudishwa.

Wapo wanaouliza kwa kejeli kwa nini fedha zitumike kwa vyura ilhali watoto hawana madawati. Swali ni halali; kejeli ndiyo imekosea mlango. Chura hakuomba mabomba wala tiketi ya ndege. Gharama hiyo ilizaliwa siku maji yote yalipohesabiwa kuwa ya mitambo kabla ya kujulikana nani mwingine anayaishi.

Umeme ule ulihitajika, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayetaka Kihansi izimwe. Linalodaiwa ni mpango wa kazi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 huko Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2015, zimeweka tathmini mbele ya mradi. Lakini sheria hutekelezwa na watumishi, na tathmini iliyoandikwa mezani, na mtu ambaye hakushuka bondeni masika na kiangazi, si tathmini. Irudishwe kwa aliyeiandika kabla shilingi ya kwanza haijatolewa.