Turbo na Bomba la Moshi

Mwananchi aishiye kando ya barabara ya Morogoro, kati ya Kiluvya na Mlandizi, hahitaji kuelezwa ni kelele gani tunayoizungumzia. Huisikia usiku wa manane, na wagonjwa waliolazwa katika Hospitali ya Tumbi huisikia pia. Gari hupita likinguruma kama kwamba halina bomba la moshi hata kidogo, na mara nyingi kweli halina, maana sailensa imekatwa na kutupwa. Mwenye gari akiulizwa, jibu lake huwa moja: ametia turbo, na fundi amemwambia kuwa turbo hutaka moshi utoke bila kizuizi.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake. Ndiyo maana tumeona vema kulichambua badala ya kulitupa.

Turbo si uzushi wa juzi. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliiandikishia hataza mwaka 1905. Wazo lake lilikuwa jepesi kueleza, ingawa lilikuwa gumu kutekeleza. Moshi utokao katika silinda huondoka na joto na mwendo mkubwa ambao hupotea bure hewani. Moshi huo ukipitishwa penye gurudumu lenye mapanga, gurudumu litazunguka. Likiunganishwa kwa mtaimbo na gurudumu la pili lililo upande wa hewa safi, hilo la pili litaikandamiza hewa na kuiingiza kwa wingi katika silinda. Penye hewa nyingi huweza kuchomwa mafuta mengi, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa. Magurudumu hayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika injini ya petroli iliyobanwa sana moshi unaoyazungusha huweza kupita nyuzi 900 za sentigredi.

Ni dhahiri basi kwamba anayefunga turbo hafungi pambo. Bomba la moshi, ambalo awali lilikuwa njia ya kutolea taka tu, sasa limekuwa sehemu ya mtambo wenyewe. Kabla ya turbo yahitajika manifodi madhubuti ya chuma cha kusubu au cha bomba nene, iwezayo kubeba uzito wa turbo na kustahimili kupanuka na kusinyaa kila siku. Manifodi iliyochomelewa kwa vipande vya bomba la maji, kama tunavyoona katika baadhi ya gereji, itapasuka tu. Moshi utavuja kabla ya kufika kwenye mapanga, na nguvu iliyonunuliwa kwa fedha nyingi itaishia chini ya boneti. Baada ya turbo mambo ni tofauti. Hapo fundi anasema kweli: moshi ukikutana na bomba jembamba lenye kona nyingi, msukumo hurudi nyuma, gurudumu huchelewa kushika kasi, na joto hujazana katika injini. Bomba la kwanza baada ya turbo lapaswa kuwa pana kuliko la kiwandani, lenye kona chache na za taratibu, na lenye kiungo kinyumbukacho ili mtikisiko wa injini usilivunje.

Lakini bomba pana si bomba lisilo na sailensa. Hapa ndipo ukweli wa fundi unapokoma na ushabiki unapoanza. Gurudumu la turbo lenyewe hupunguza mshindo wa moshi, kwa hiyo gari lenye turbo ni rahisi zaidi kulituliza kuliko lisilo nayo. Zipo sailensa za kupitisha moshi moja kwa moja, ambazo ndani yake mna bomba lenye matundu lililozungushiwa nyuzi za kufyonza sauti. Hizo humeza kelele na hazizuii moshi kwa kiasi cha kumsumbua dereva. Anayeikata kabisa haongezi nguvu ya maana. Wahenga walikwisha kutueleza habari za debe tupu.

Kuhusu masega, yaani kile kichujio cha kusafishia moshi, udhuru wa zamani umekwisha. Palikuwa na wakati ambapo petroli yetu ilikuwa na risasi, nayo risasi huyaua masega. Mtu aliyeyatoa wakati huo hakupoteza kitu kilichokuwa kikifanya kazi. Petroli ya risasi iliondoka katika nchi zetu ifikapo mwaka 2006. Tangu Januari 1, 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Mafuta yamesafishwa kwa gharama ya taifa. Kuyatoa masega leo, tena mara nyingine ili yauzwe, ni kuitupa gharama hiyo barabarani. Mwenye turbo anayehofia kubanwa kwa moshi anaweza kuweka masega yenye matundu mapana.

Kwa wenzetu wa Kisarawe jambo hili lina sura nyingine. Barabara itokayo Pugu hupanda vilima, na jirani yake imo misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Hatumlaumu mwenye pikapu iliyojaa mihogo akitamani injini yenye nguvu ya kupandia kilima. Lakini turbo iliyofungwa bila ngao ya joto, na bomba lililokatwa likaishia chini ya tumbo la gari, vikikutana na nyasi kavu za kiangazi pale gari linapoegeshwa, vinaweza kuwasha moto ambao hakuna atakayejua nani kauanzisha.

Nao ndugu zetu wa Mafia, ambao makao makuu ya mkoa wao ni hapa Kibaha ingawa bahari inawatenga nasi, wasidhani haya hayawahusu kwa kuwa lami yao ni fupi. Injini nyingi za dizeli za vyombo vya baharini zina turbo. Katika chombo, moshi hupozwa kwa kuchanganywa na maji ya bahari baada ya kupita turbo. Bomba lisipoinuliwa vya kutosha kabla ya mahali pa kuchanganyia, maji ya chumvi hurudi nyuma injini izimwapo, na kuila turbo na hata silinda. Bomba likivuja chini ya sitaha, gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, huwajia abiria waliolala. Na turbo ikifa Kilindoni, kipuri chake huvuka bahari.

Sasa twaja kwa wahusika serikalini. Kibaha si mgeni wa magari: miaka ya 1980 malori ya Scania yaliunganishwa hapa katika kiwanda cha TAMCO, na Scania hiyohiyo mwaka 1969 ilikuwa imetoa injini ya turbo ya lita 14 yenye nguvu za farasi 350. Katika magari ya namna hiyo turbo, bomba, kipoza hewa na breki vilipangwa pamoja na wahandisi. Gari lililotiwa turbo chini ya mwembe halina mpango huo, na kadi yake haisemi lolote. Kadi huonyesha ukubwa wa injini kwa sentimita za ujazo, na turbo haiongezi hata sentimita moja. Injini imeongezewa nguvu kwa kiasi kikubwa, breki ni zilezile, na karatasini hakuna kilichobadilika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutembea barabarani, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatoa nafasi ya kuweka viwango vya kelele na moshi. Sheria basi zipo. Kinachokosekana ni kipimo mkononi mwa mkaguzi, maana faini inayotozwa kwa sikio la askari hubishaniwa, na ubishi wa barabarani tunaujua unavyomalizwa.

Tunaomba mambo mawili. VETA iwafundishe mafundi wa gereji kazi hii ya manifodi na mabomba ya turbo, pamoja na uchomeleaji wake, na kuwapa vyeti wale wanaoiweza tayari. Pili, gari lililobadilishwa lipimwe kelele, moshi na breki, kisha badiliko hilo liandikwe katika kumbukumbu zake. Upimaji huo ufanyike Kibaha, ufanyike Kisarawe, na mkaguzi avuke hadi Kilindoni kwa siku zinazotangazwa mapema, ili mwenye pikapu moja Mafia asilazimike kuipakia chomboni mpaka Nyamisati na kuiendesha hadi Kibaha kwa ajili ya muhuri mmoja.